Sufi Huelea, Sufu Huzama: Kuchagua Manyoya ya Kufungia Flai

Teka maji glasi moja uyaweke mezani, kando ya jiliwa, kile kibano kinachoshika ndoana ukiifunga. Hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kazi hii, na sikuwahi kukiona kwenye chumba nilichojifunzia.

Nilijifunza kufunga flai kwa malipo ya dazeni. Kenya imefunga flai za kuuza nje kwa miongo mingi, na mvuvi wa Uingereza au Marekani akifungua kiboksi chake huenda akawa anatazama kazi ya mikono ya huku kwetu. Manyoya tuliletewa kwa mifuko, yameshaoshwa na kutiwa rangi, kila mfuko na namba ya flai yake. Unafunga ulichopewa. Siku nilipoamua kujifungia zangu na kwenda kuvua mwenyewe, nilifumua sweta kuukuu la sufu, la kijivu, nikasokota miili ya flai kumi na mbili za kuelea. Zilipendeza ajabu. Mtoni zilielea mtupo wa kwanza na wa pili. Wa tatu zikazama, trauti wakapita juu yake bila hata kugeuza jicho.

Kwa asiyeijua: flai ni ndoana iliyovikwa manyoya, singa na uzi ili samaki aidhanie mdudu au samaki mdogo. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na leo wamo katika mito mingi ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Lakini mwongozo huu utamfaa pia anayewatupia kolekole flai kubwa huko Pwani. Maji ni tofauti, ila nywele hufuata kanuni zilezile.

Hatua ya kwanza: amua flai itakaa wapi

Usianze na mnyama, anza na maji. Flai ya kuelea hukaa juu, ikiiga mdudu aliyetua au anayetoka kuota mbawa. Flai ya kuzama huiga tunutu, yaani mdudu mchanga anayeishi chini ya mawe kabla hajaruka. Halafu kuna flai kubwa inayoiga samaki mdogo, ambayo unaitupa na kuivuta kwa vipindi, nayo kazi yake ni kucheza mwili.

Ya kwanza inataka manyoya yanayokataa maji. Ya pili inataka yanayoyanywa haraka. Ya tatu inataka singa ndefu zinazolegea zikilowa na kupepea zikivutwa. Ukilijua hili, nusu ya makosa ya dukani umeshayakwepa, maana muuzaji huwa anakuuzia rangi.

Hatua ya pili: puliza

Shika ngozi ya sungura wa kufugwa, ilete karibu na mdomo, upulize kinyume cha ulalo wa manyoya. Yatafunguka kama ua, na katikati ya ua hilo utaona tabaka mbili. Juu ziko singa: ndefu, ngumu kidogo, zinang'aa, na mara nyingi ncha ina rangi tofauti na shina. Chini yake, yakigusa ngozi, kuna manyoya laini mno, mafupi, yamejikunjakunja na kushikana. Haya nitayaita malaika, kama yale ya mkononi mwako. Rangi yake kwa kawaida imepoa kuliko ya singa. Kwa sungura wengi wa kahawia ni kijivu cha moshi.

Karibu kila uamuzi wa manyoya unarudi kwenye uwiano wa tabaka hizi mbili. Malaika ndiyo yanayoshika uzi, hivyo bila hayo hakuna mwili wa flai unaosokotwa. Singa ndizo zinazochomoza pembeni na kuonekana kama miguu ya mdudu. Kwa flai ya kuelea iliyo ndogo, tuseme ndoana namba 16, chambua singa zote ubaki na malaika tu, ili mwili utoke mwembamba. Kwa tunutu ziache singa, tena nyingi, akae kama hakuchana nywele. (Namba za ndoana huenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 10. Kwenye ndoana za baharini, zinazoandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, namba ikipanda ndoana nayo inakua.)

Wanyama wengi wenye manyoya wanaoishi majini wana malaika mazito yaliyobanana hadi maji hayapenyi. Ndiyo sababu wafungaji wa Marekani walipenda manyoya ya biva na ya maskrati, yule mnyama wao wa vinamasini anayefanana na panya mkubwa. Flai iitwayo Adams, iliyofungwa na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922, ina mwili wa maskrati wa kijivu na bado inauzwa kila mahali. Ukiyapata manyoya hayo dukani, nunua. Usipoyapata, soma mbele, kuna kitu mtini.

Hatua ya tatu: glasi ya maji

Sasa ile glasi. Chukua kidonge cha manyoya cha ukubwa wa punje ya mahindi, kisokote kidogo kwa vidole, kiweke juu ya maji bila kukisukuma. Hesabu polepole hadi sitini.

Kikielea kikiwa kimekauka juu, kizamishe kwa ncha ya sindano, ukiachie. Kikirudi juu na matone yakateleza kando, hayo ni manyoya ya flai ya kuelea. Kikibaki kimening'inia katikati ya maji, weka upande wa tunutu. Kikizama chenyewe kabla hujafika ishirini, ni bora zaidi kwa tunutu wa mito yenye kasi kama ile ya mlimani, ambako flai ina sekunde chache tu za kufika chini kabla mkondo haujaipitisha.

Rudia jaribio baada ya kuosha manyoya kwa sabuni na kuyakausha. Mafuta ya mnyama yanaweza kukudanganya: sufu ghafi ya kondoo, yenye mafuta yake, huelea vizuri; ioshe uone inavyokunywa maji.

Usiiondoe glasi bado. Tazama rangi. Manyoya yakilowa hugeuka meusi zaidi, mengine kwa kiasi cha kushangaza. Kahawia ya chai ya maziwa mezani huwa kahawia ya udongo mtoni. Kwa hiyo chagua rangi iliyopoa kidogo kuliko ya mdudu unayemwiga. Angalia pia uzi ulio chini, kwa sababu manyoya mepesi yakilowa huonyesha kilicho ndani. Nimewahi kufunga tunutu wa rangi ya krimu juu ya uzi mweusi. Majini wakawa kijivu cha maiti.

Kwa singa ndefu jaribio ni jingine: zifunge fungu dogo kwenye ndoana, shika ndoana kwa koleo, uivute ndani ya beseni kwa vituo. Ukisimama, singa zifunguke, ukivuta, zijikusanye. Zikibaki zimesimama kama bristoli za mswaki, zirudishe.

Hatua ya nne: tembea bucha kabla ya duka

Mbuzi ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye anayedharauliwa. Singa zake za mgongoni na za ndevu za beberu zimenyooka, hazivimbi zikibanwa na uzi, na zikilowa zinalegea vizuri. Kwa flai ya kolekole kwenye ndoana ya 1/0 au 2/0 zinatosha kabisa kuchukua nafasi ya mkia wa paa wa Marekani, ambao ndio ulio kwenye maelekezo ya asili ya Clouser Minnow. Flai hiyo hufungwa macho ya chuma yanayoipindua, ncha ya ndoana ikatazama juu, jambo la maana sana kwenye matumbawe. Kosa la kila anayeanza ni kujaza. Fungu moja lisizidi unene wa njiti ya kiberiti. Liinue kwenye mwanga: usipoona upande wa pili, punguza.

Ndama hutafutwa kwa mkia. Singa za mkia wa ndama zimejikunja na hazina uwazi ndani, hivyo hazisambai uzi unapozibana. Hufanya bawa jeupe linaloonekana na mvuvi hata jioni. Chagua mkia usiojikunja sana, maana uliojipinda kama nywele za mtoto mchanga hautakubali ncha zilingane hata ukiugonga mara mia. Mzee mmoja aliniletea usinga wake uliokatika mpini, akaniambia umefukuza nzi miaka mingi, sasa acha utengeneze nzi. Singa zake zilikuwa ngumu kwa trauti. Zilifaa kuwa antena za flai inayoiga kamba wa baharini.

Sungura wa kufugwa ana matumizi mawili. Malaika na singa zake zikichanganywa hufanya mwili wa tunutu. Zile fupi ngumu za masikioni na usoni ndizo zinazomfanya aonekane ana miguu. Waingereza hutumia uso wa sungura pori wao kwa kazi hii tangu zamani, lakini wa kufugwa anatosha. Matumizi ya pili ni ukanda. Geuza ngozi, upande wa nyama juu, iinue isiguse meza, ukate kwa wembe vipande vya milimita 3 kwa upana, ukikata ngozi peke yake. Ukitumia mkasi unakata na manyoya, umeharibu. Ukanda huo ukifungwa mgongoni mwa ndoana, manyoya yakilala kuelekea nyuma, hucheza majini kama samaki aliye hai. Ubaya wake ni kwamba ukilowa ni mzito kutupa. Mtu mwenye fimbo nyepesi atalaumu bega.

Kondoo nimeshamtaja na sweta langu. Sufu iliyooshwa inanywa maji, basi itumie kwa kinachozama. Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Uingereza, alifunga Killer Bug yake kwa sufu ya kutililia nguo, Chadwick's namba 477, juu ya waya wa shaba. Sufu hiyo haitengenezwi tena, na watu hulipa pesa za kuchekesha kwa kipande cha kadi yake. Huko Devon, R. S. Austin wa Tiverton alichanganya flai yake kwa sufu ya kondoo dume iliyotoka sehemu ambayo sitaitaja mbele ya wakwe, pamoja na manyoya ya mbwa. Kichocheo kilifichwa kwa miaka. Siri yote ilikuwa kwamba sufu ya pale ilipitisha mwanga vizuri ikilowa.

Mbwa wako, akichanwa, anatoa malaika bure. Yaoshe tu.

Na kile cha mtini ni sufi. Zingatia irabu ya mwisho, ndiyo iliyonigharimu dazeni nzima: sufu ni ya kondoo, inazama, sufi ni ya msufi, inaelea. Unyuzi mmoja wa sufi ni mrija mtupu wenye hewa ndani na nta nje, na ndiyo sababu ulijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini muda mrefu kabla haujaja plastiki. Weka kidonge chake kwenye glasi, kizamishe mara kumi, kitarudi mara kumi. Tatizo ni kuteleza: nyuzi ni fupi na hazishikani. Dawa yake ni kuchanganya sehemu mbili za sufi na sehemu moja ya malaika ya sungura, kisha kupaka uzi nta ya nyuki. Chukua sufi ya tumba lililopasuka msimu huu, si ya mto wa kulalia uliokwisha kuvunjwavunjwa na vichwa vya watu. Funika pua unapoichambua, na usiichambue karibu na jiko, inashika moto upesi.

Singa za katani nilijaribu pia. Ni ngumu mno, acha wazo hilo kwa wasuka kamba.

Kinachobaki cha kununua hasa ni nywele za mwili za paa wa Marekani na za elki, ndugu yake mkubwa. Hizi ndani zimejaa vijumba vya hewa. Ukizibana na uzi husimama na kusambaa pande zote, na huelea zenyewe. Bonyeza shina la unywele kwa kucha ya kidole gumba: ukibonyea kama mrija wa soda, utasambaa, ukihisi mgumu, hautasambaa. Kwa kichwa cha flai kinachokatwa umbo la duara, taka unaobonyea. Kwa bawa linalolala mgongoni, taka mgumu kiasi. Hata kwenye mkia mmoja wa paa huyo kuna tofauti: nywele za karibu na shina husambaa zaidi, za ncha hutulia.

Hatua ya tano: mambo mawili ya kukataa hata ukipewa bure

La kwanza ni mnyamapori. Sungura pori aliyegongwa barabarani, ngozi ya digidigi, mkia wa kanu: viache. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inafanya kuwa kosa kushika nyara bila kibali. Tanzania ina sheria yake ya 2009. Sheria haikuulizi kama ulimuua wewe. Nje nako wamebana: manyoya ya sili, mnyama wa baharini, yaliyosifiwa kwa kung'aa, yalizuiwa Marekani kwa sheria ya 1972, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2009. Maelekezo ya zamani yakikutajia sili, weka moheri ya mbuzi wa Angora. Kung'aa kunakaribiana.

La pili ni ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Kimeta kipo kwetu, na vimelea vyake hukaa kwenye ngozi na nywele miaka. Sabuni haiviui, friza haiviui. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi. Chukua ngozi ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, basi.

Hatua ya sita: safisha, kausha, gandisha

Kwangua mafuta na nyama yote upande wa ndani. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza hadi povu liishe. Itandaze ubaoni manyoya yakiangalia chini, ipigilie misumari midogo kingoni, uipake chumvi laini au boraksi, yale madini ya unga mweupe. Kivulini, wiki moja hadi mbili, mahali paka hafiki. Jua kali huifanya ikauke kama papi. Ikikauka, pangusa chumvi yote na uchane manyoya kwa kitana. Mimi siku hizi natumia boraksi tu, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye manyoya huvuta unyevu na kutia ndoana kutu ndani ya kiboksi, ukaja kulaumu ndoana.

Halafu friza. Nondo na vidudu vya ngozi hutaga mayai usiyoyaona. Funga ngozi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, igandishe wiki nzima, itoe siku moja, irudishe wiki nyingine. Nilipuuza hili mara moja tu, na ngozi moja ya sungura niliyopewa ikaambukiza kabati zima. Niliyakuta manyoya yametengana na ngozi kama yamenyolewa, na chini kuna unga wa kahawia. Kila ngozi mpya sasa inapita friza kwanza, hata ya dukani yenye lebo nzuri. Mwenye nyumba anunue friza yake kama hapendi.

Hatua ya saba: rangi, kama lazima

Ondoa mafuta kwanza, la sivyo rangi itashika madoa madoa. Singa nyeupe za mbuzi zikilala usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito, bila maziwa wala sukari, hutoka hudhurungi nzuri isiyopatikana dukani. Rangi za unga za sufu zinashika manyoya yoyote ya mnyama ukiongeza siki, maji yakiwa ya moto lakini hayachemki. Manyoya yakiwa bado kwenye ngozi, maji yasizidi joto ambalo mkono unaweza kuvumilia, maana ngozi hujikunja na haikunjuki tena. Sufi ni mmea, haitakubali rangi za sufu. Iache na weupe wake wa maziwa.

Hatua ya nane: sokota, urudi kwenye glasi

Funga uzi kwenye ndoana, upake nta kidogo. Chukua manyoya machache, kisha urudishe nusu yake. Yaguse kwenye uzi uyasokote kwa kidole gumba na cha shahada, upande mmoja tu. Anayesokota mbele na nyuma anafumua alichosokota. Kipate unene wa uzi wa kushonea viatu, kisha zungushia ndoana kutoka mkiani kwenda kichwani, kikizidi unene taratibu. Kwa tunutu, zungushia waya mwembamba wa shaba juu yake, halafu uchokoe manyoya kwa sindano, hasa kifuani, mpaka aonekane amelala nje.

Itumbukize kwenye glasi kabla hujafunga ya pili. Flai yangu ya kuelea ya sasa ni ya sufi na sungura, namba 14, na niliiacha majini tangu nilipoanza kuandika haya. Bado ipo juu.